Kulabu Iliyolala Baridini

Inspekta Felisa Magbanua aliziweka nusu mbili za kulabu juu ya meza ya maabara, akavuta kiti, akangoja. Profesa Ludivina Asis, mtaalamu wa vyuma wa chuo, hakuzitazama. Alikuwa anamalizia mkate wake mdogo wa asubuhi, akiuchovya kwenye kahawa tonge kwa tonge, na ilionekana wazi kwamba kulabu iliyoua mtu si sababu ya kuacha kahawa ipoe. Felisa alikwisha kujifunza kwamba mama huyu akiharakishwa huanza upya, kwa hiyo aliutazama mlima Matutum dirishani.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Jana, Jumatatu ya Pasaka, katika ghala la baridi la Bahía Serena karibu na bandari ya samaki, winchi ilinyanyua mzigo wa kwanza wa jodari tangu sikukuu. Kulabu ikakatika. Jodari walioganda, wagumu kama magogo, walimwangukia msimamizi wa zamu, Wenifredo Catubig, ambaye mji wote wa Jeneral Santos ulimwita Wening, akafa kabla gari la wagonjwa halijafika. Kufika mchana alikuwa ameshakamatwa mtu: Isagani Deloso, fundi wa ghala. Mlinzi wa geti aliwasikia yeye na marehemu wakifokeana siku ya Ijumaa Kuu. Kabati la fundi lilikutwa na tupa yenye vumbi la rangi ya buluu, kulabu nayo ni ya buluu, na shingoni mwa kulabu palikuwa na alama ya tupa.

Mwendesha mashtaka alitaka jibu leo kabla jua halijazama: mauaji, au aachiwe. Mauaji hayana dhamana, na mahakama za hapa haziendi mbio. Isagani akishtakiwa, mtoto wake aliyezaliwa wiki iliyopita angejifunza kutembea, kusoma na pengine kunyoa ndevu kabla baba hajasikilizwa.

"Kaongea?" Profesa aliuliza, akifuta makombo kwenye koti lake jeupe.

"Hajafungua mdomo. Nikimuuliza waligombania nini, anatazama sakafu."

"Mficha uchi hazai."

"Nimemwambia hivyo hivyo. Kanijibu mkewe ameshazaa."

Profesa alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Ndipo alipokwenda kunawa mikono, akarudi na kioo cha kukuzia, akaishika nusu ya juu ya kulabu na kuigeuzageuza kwenye mwanga. Alianza na alama ya tupa, ile ambayo mwendesha mashtaka aliizungushia wino mwekundu kwenye picha. Aliichokoa kwa ncha ya sindano, kisha akampa Felisa kioo.

"Ndani ya mkwaruzo unaona nini?"

"Buluu."

"Tupa ikipita juu ya rangi, inaleta rangi au inaondoa?"

Felisa alisema inaondoa. Basi rangi ilikuja baada ya tupa. Akakumbuka maelezo ya mtunza stoo wa ghala kwamba kulabu zote zilipakwa rangi kabla ya Krismasi. Aliyepiga tupa pale alikuwa akiondoa ncha iliyokuwa ikichana glavu, wakati ambapo hakuna aliyekuwa na ugomvi na mtu. Tena ufa haukuanzia kwenye alama. Profesa alimwonyesha kwa kidole mahali ulipoanzia, upande wa ndani wa mpindo, upana wa vidole viwili kutoka pale.

"Na tupa yake yenye buluu?"

"Mwanangu, mle ndani milango ni buluu, reli ni buluu, hata choo ni buluu. Ungekuta fundi hana buluu ndipo ungemkamata."

Tupa ikatoka kwenye kesi. Ilibaki kulabu iliyokatika bila kukatwa, na mwendesha mashtaka hakuwa mtu wa kuamini vitu vinavyokatika vyenyewe. Felisa alilisema hilo. Profesa alizichukua nusu mbili, akazikutanisha, zikashikana barabara hata mstari wa mvunjiko ukawa taabu kuuona.

Alieleza kwamba chuma kikizidiwa na mzigo hunyooka kwanza. Kulabu hufunguka mdomo polepole, watu wanaona, wanakimbia. Ukichana mkate, vipande havirudiani tena sawasawa. Ukivunja sahani vinarudiana. Kulabu hii haikufunguka hata kidogo, na sura ya mvunjiko wake ilikuwa bapa na ya kumetameta, punje kwa punje, kama sukari.

"Imevunjika kama sahani," Felisa alisema.

"Umeniletea na mnyororo?"

Felisa alitoa mfukoni pete moja ya mnyororo wa winchi, iliyokatwa jana mbele ya mashahidi na kutiwa sahihi. Profesa alibandua sumaku kwenye mlango wa friji yake, ya umbo la papai, iliyokuwa imeshika ratiba ya mitihani. Aliigusisha kwenye kulabu, ikang'ang'ania. Aliigusisha kwenye pete, ikateleza na kuanguka mezani.

"Hawa hawakuzaliwa tumbo moja," alisema. "Pete ni ya chuma kisichoshika kutu, kile cha kazi za baridi. Mnyororo umelala mle ndani miaka na haujamdhuru mtu. Kulabu ni chuma cha kawaida, cha kufungia mbuzi. Njoo huku."

Nyuma ya maabara, kwenye kibaraza, palikuwa na kipande cha bati la mikunjo kimelazwa juu ya matofali, upande mmoja juu kidogo kuliko mwingine. Profesa alifungua mnyororo mwembamba wa mbwa kutoka kwenye nguzo (mbwa mwenyewe alikuwa amelala na hakujali), akaulaza mzima ndani ya mfereji mmoja wa bati.

"Kwa nini chuma kinapinda?"

"Kwa sababu kimezidiwa nguvu."

"Hilo ni jibu la polisi."

Akamweleza, bila haraka, akitumia bati lile badala ya ubao. Ndani ya chuma atomi zimejipanga safu kwa safu, kama mananasi katika mashamba ya Polomolok. Lakini hakuna shamba lililopandwa bila kosa. Mahali fulani safu zimekosana, na kosa hilo linakwenda kama mstari mrefu kupita katikati ya chuma. Chuma kikipinda, safu hazihami zote kwa pamoja. Hakuna mzigo wa kawaida ambao ungeweza kuzihamisha hivyo. Kinachohama ni ule mstari wa kosa, kutoka mfereji mmoja hadi wa pili, na kila unapopita safu zinabaki zimesogea kidogo. Mistari kama hiyo mle ndani haina idadi. Ikihama mingi, mtu wa nje anaona kulabu imepinda.

"Kwa hiyo kinapinda kwa sababu ya makosa yake," Felisa alisema.

"Na kinaishi kwa sababu hiyo. Sasa tazama mnyororo, ndio mstari wetu. Bati limeinama, mnyororo unataka kushuka. Kwa nini haushuki?"

"Umezuiwa na tuta."

"Utarukaje? Wote kwa mara moja?"

Felisa alisema hapana, ni mzito. Profesa alianza kuligonga bati kwa chini, kwa ncha za vidole. Mnyororo ukatetemeka. Ukatetemeka tu kwa kitambo, kisha kipande kifupi cha katikati kikaruka tuta na kuangukia mfereji wa chini. Mnyororo ulikuwa sasa na vikunjo viwili, kimoja kushoto na kimoja kulia, pale ulipokatiza tuta. Na vikunjo hivyo havikungoja. Vilikimbia, kila kimoja upande wake, vikiushusha mnyororo nyuma yavyo, mpaka vikaishia kwenye kingo za bati na mnyororo wote ukawa umelala mfereji wa pili. Felisa aliomba aone tena. Alionyeshwa tena, mara hii kikunjo cha kushoto kikichelewa kidogo kwenye doa la kutu.

"Kazi yote ni ya vikunjo," Profesa alisema. "Kuzaliwa kwavyo ndiyo shida. Vikishazaliwa, kukimbia si kitu."

"Na mkono wako unaogonga ni nini?"

"Joto. Joto si kingine ila mtetemeko. Hapa kwetu chuma kinatetemeka mchana kutwa, vikunjo vinazaliwa bila kuomba ruhusa. Sasa nakipeleka ghalani, kwenye baridi kali ya jodari wa kuuziwa Wajapani."

Aliondoa mkono. Mnyororo ukatulia. Aliliinamisha bati zaidi, na zaidi, nao ukabaki mferejini mwake.

"Mzigo umeongezeka, mstari hauhami. Chuma hakiwezi kupinda. Kisichoweza kupinda kinafanyaje?"

Felisa hakuhitaji kujibu, lakini alijibu kwamba kinavunjika, maana alikuwa akijizoesha namna ya kumwambia mwendesha mashtaka. Akauliza kuhusu mnyororo wa winchi. Profesa alisema ule atomi zake zimepangwa kwa namna nyingine, mifereji yake ni ya juujuu kama mikunjo ya shuka, na mstari unateleza hata pasipo mkono wa kugonga. Ndiyo maana ulilala baridini miaka yote hiyo salama.

Jana Felisa alikuwa amechukua stoo kulabu nyingine, pacha wa ile iliyokatika. Mafundi wa chuo walikuwa wameshaikata vipande vidogo vinavyolingana. Kimoja kilikaa mezani usiku kucha. Cha pili kilikuwa ndani ya ndoo ya barafu kavu, ileile wanayopakilia samaki wanaosafirishwa kwa ndege. Profesa alikifunga cha kwanza chini ya nyundo kubwa inayobembea kwenye mhimili, akaiachia. Nyundo ilishuka, ikakipiga kipande, ikasimama karibu palepale. Kipande kilikuwa kimepinda kama goti. Kisha akachomoa kile cha ndoo kwa koleo, akakifunga upesi, akaachia. Felisa alisikia mlio mwembamba tu. Nyundo ilipita kana kwamba haikukuta kitu, na nusu mbili zikaokotwa chini ya kabati, zinameta kama sukari.

Felisa alifurahi, na hakujizuia kuonyesha kwamba amefurahi. Alikuwa amemwona mke wa Isagani jana hospitalini, amekaa kitandani na mtoto, akimuuliza kila nesi kama simu ya kituo cha polisi inapokelewa. Lakini furaha yake ilikuwa na tundu, na alilitaja mwenyewe. Kulabu ile ilikuwa ikiingia na kutoka chumba cha baridi tangu mwaka jana. Mbona haikukatika Januari?

"Chuma kinene hakipoi upesi," Profesa alisema, akimrudishia mbwa mnyororo wake. "Ikiingia na watu ikatoka na watu, inapoa ngozi, moyo unabaki na joto. Hii ilipoa hadi moyoni. Ililala mle. Mimi nimekupa namna ilivyovunjika. Wewe kanitafutie aliyeilaza."

*

Mlango wa chumba cha baridi cha Bahía Serena ulilindwa na mwanamke aitwaye Editha Gumban, ambaye kazi yake ilikuwa kugawa makoti na kuhakikisha hakuna anayekaa ndani kupita kiasi. Alimpa Felisa koti kabla ya kuulizwa jina. Felisa alilikataa, alichotaka kilikuwa nje, kando ya mlango, ukutani. Palikuwa na msumari mnene, na kwenye msumari palining'inia tawi la mtende lililosukwa, lile la Jumapili ya Matawi, limeshakauka.

Aliuliza msumari ni wa nini. Editha alisema ni wa kulabu. Kila zamu ikitoka kupasha mikono, kulabu inachomolewa kwenye mnyororo na kutundikwa pale. Ndiyo sheria: kulabu hailali ndani. Felisa aliuliza kwa nini. Editha aliinua mabega. Meneja kasema. Wengine walisema ni kwa sababu ya barafu kwenye mpini, wengine kwa sababu ya wezi.

"Na hili tawi kaliweka nani?"

"Mimi, afande. Alhamisi jioni, tulipofunga. Lilikuwa linadondoka pale juu ya kabati, nikaona msumari mtupu, nikatundika."

"Msumari ulikuwa mtupu Alhamisi jioni."

Editha alilitazama tawi. Hakuwa mjinga, na aliona maneno yake yanakoelekea. Alisema vijana siku hiyo walikuwa na haraka ya kwenda kuoshwa miguu kanisani, wakatoka mbio. Yeye aligundua akiwa nyumbani. Ijumaa asubuhi akampigia simu Wening, akamwambia kulabu imelala ndani. Wening akajibu ataangalia.

"Akaja?"

"Mlinzi anasema alikuja. Ndiyo hiyo siku ya kufokeana." Editha alianza kulia, kimyakimya, huku akiendelea kukunja makoti. "Jumatatu nilimwona anaingia. Nikadhani alishaitoa akairudisha. Sikumuuliza."

Felisa alimwambia kwamba kupiga simu kulikuwa kufanya zaidi ya wengine wote. Kisha akapanda ngazi kwenda kwa meneja.

Rufino Tansiongco alimkaribisha kwa juisi ya nazi na mtu wa kumpepea. Alikuwa na huzuni nadhifu. Alisema kampuni itagharamia mazishi, na kwamba fundi huyo tangu zamani alikuwa na hasira za karibu. Felisa alikunywa juisi yote kwanza, maana jua lilikuwa kali. Kisha aliweka juu ya meza pete ya mnyororo na kipande cha kulabu pacha, na sumaku ya papai katikati yao.

"Jaribu," alisema.

Meneja alijaribu, akicheka kidogo, kama mtu anayeonyeshwa kiinimacho. Sumaku ilishika kimoja ikaacha kingine. Alipoacha kucheka Felisa alijua kwamba hakuhitaji kumweleza habari za vikunjo.

"Kulabu ya zamani ilikuwa ya namna ya mnyororo," alisema Felisa.

"Iliibwa."

"Ukanunua hizi."

"Zilikuwa za muda tu."

"Na ukatunga sheria: isilale ndani. Aliyekuuzia alikwambia?"

"Alitaja. Ni utaratibu wa kawaida, Inspekta."

"Wafanyakazi uliwaambia kwa nini?"

Tansiongco alirekebisha kola. Alisema wafanyakazi hawahitaji maelezo, wanahitaji utaratibu. Ukianza kumweleza mbeba samaki habari za chuma, kesho atakataa kuingia.

"Kesho angekataa kuingia," Felisa alirudia. "Na leo angekuwa hai."

Felisa alimwomba asisafiri nje ya mji, akamtajia kosa ambalo mwendesha mashtaka angependa kuzungumza naye juu yake, uzembe uliosababisha kifo, akaichukua sumaku. Profesa alikuwa ameikopesha kwa masharti makali.

*

Isagani Deloso alikuwa amekaa vilevile alivyomwacha, mikono katikati ya magoti. Alikuwa mtu mpana, mwenye madoa ya moto wa kuchomelea kwenye mikono yote. Felisa hakukaa kiti cha polisi. Alikaa kwenye benchi, upande wake.

Alimwambia alichokijua. Kwamba tupa haikuhusika. Kwamba kulabu ililala ndani tangu Alhamisi, Editha akapiga simu, Wening akaja Ijumaa. Alimweleza kwa kifupi baridi inavyokigeuza chuma kuwa sahani. Kila alipoweka jambo moja, mabega ya Isagani yalishuka, na Felisa alishangaa kwamba mtu anaondolewa mauaji halafu anazidi kuinama.

"Kaka Gani," alisema, "Ijumaa Wening alikuomba nini?"

Isagani alisugua madoa ya mikono yake, akasema. Siku ile alikuwa amepita ghalani kuchukua blanketi kwenye kabati lake, la kupeleka hospitali. Wening alikuwa pale getini na ufunguo mkononi. Alimwomba aingie achomoe kulabu, ni kazi ya kufumba na kufumbua.

"Nikamwambia, leo? Leo siku ya kufa Bwana? Mke wangu kapasuliwa juzi, ana kidonda cha huku mpaka huku. Nishike chuma Ijumaa Kuu, kidonda kisifunge? Nikamwambia ingia mwenyewe."

"Akasemaje?"

"Kasema hawezi. Mama yake. Tangu Wening mtoto, yule bibi hajaruhusu hata sindano iguswe siku hiyo. Kasema, Gani, akinitazama tu usoni atajua." Isagani alijipangusa uso. "Tukafokeana, kila mtu anamsukumia mwenzake. Wanaume wawili wazima, ufunguo upo mkononi. Mwisho tukacheka. Akasema basi ikae, nani atakufa."

Felisa aliuliza kwa nini hakusema hayo jana.

"Ningesemaje, afande? Kwamba niliombwa nikaitoe nikakataa, ikamwua aliyeniomba? Sikujua habari za baridi. Lakini niliona ikianguka, na nilijua ni ileile. Nilidhani hayo ndiyo mauaji." Akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Niambie kweli. Ningeitoa, angekuwa hai?"

Felisa angeweza kusema kwamba mambo ya chuma hayana uhakika, na Profesa angemtetea. Lakini alikuwa amemtaka mtu huyu aseme kweli siku nzima.

"Ndiyo. Angekuwa hai."

Isagani aliitikia kwa kichwa, polepole.

"Wewe ungeishika?"

Ijumaa ile, kituoni, pingu zote zilibaki ukutani. Kijana aliyeiba kuku sokoni aliletwa amefungwa kamba ya nailoni, na bastola ya Felisa ililala ndani ya droo tangu alfajiri hadi giza. Hakuna aliyetoa amri. Hakuna aliyehitaji.

"Nisingeishika," alisema.

"Kidonda chake kimefunga," Isagani alisema. "Daktari kakitazama leo asubuhi, mke wangu kamtuma dada yake aniambie. Kimefunga vizuri kabisa." Na hapo ndipo alipolia.

Felisa alimwacha alie. Kisha akaenda mezani, akampigia simu mwendesha mashtaka na kumweleza kila kitu, pamoja na bati na mnyororo wa mbwa, mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hakuelewa. Jua lilikuwa bado juu ya ghuba aliporudi na ufunguo. Alimwambia Isagani kwamba gari lipo, atampeleka hospitali kwa mkewe.

"Nipeleke kwa Wening kwanza," alisema Isagani.

Msiba ulikuwa chini ya turubai mbele ya nyumba ya akina Catubig. Watu walikuwa wakicheza karata karibu na jeneza, kama desturi ya mkesha, na masinia ya biskuti yakizunguka. Isagani alipoingia karata zilisimama. Mtu mmoja aliinuka kwa shari. Felisa alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba huyu ni mtu huru, hakuna aliyekata kulabu, ilivunjwa na baridi kwa sababu ililala ndani tangu Alhamisi, na atakayemgusa atalala kituoni. Yule mtu akakaa.

Teodora Catubig, mama wa marehemu, aliketi kando ya jeneza, mdogo kuliko Felisa alivyomdhania. Alimwita Isagani kwa kidole. Isagani alienda, akapiga magoti, akauchukua mkono wa yule mama akauweka kwenye paji la uso wake kwa heshima.

"Ijumaa aliniaga anakwenda kanisani," mama alisema. "Leo mlinzi kaniambia alionekana ghalani. Tangu asubuhi nina swali moja na sina wa kumuuliza. Wewe ulikuwa naye."

"Nilikuwa naye, mama."

"Aliigusa hiyo kulabu siku ile?"

Isagani aliinua kichwa kumtazama Felisa, kana kwamba polisi ndiye mwenye ruhusa ya jibu. Felisa hakutikisa kichwa wala hakuitikia.

"Hakuigusa, mama."

Teodora alifumba macho, akapiga ishara ya msalaba. Uso wake uliokuwa umekaza ukalegea wote, na akamshika Isagani kichwa kwa mikono miwili, kama anavyoshikwa mtoto aliyeleta habari njema.

"Ashukuriwe Mungu," alisema. "Nilijua atanisikia."